Je, kweli mtu aliruka mita 2.50? Picha ya mwaka 1907, wapimaji wa miili na fumbo la mchezo wa gusimbuka

Kuna foto moja ya zamani isiyochoka kuzunguka. Leo inapita kwenye WhatsApp, kesho inatokea kwenye Facebook, na kila ikifika inaamsha mabishano yale yale. Inaonyesha kijana mrefu akiwa hewani, magoti yameinuliwa, anapita juu ya kamba iliyofungwa kati ya miti miwili. Chini yake wamesimama Wazungu wawili wenye kofia, na vichwa vyao havifiki kwenye kamba. Maelezo yanayoandamana na picha huwa mafupi: Rwanda, 1907, mita 2.50.

Rekodi ya dunia ya kuruka juu kwa wanaume ni mita 2.45. Iliwekwa na Javier Sotomayor wa Kuba mwaka 1993, kule Salamanca, Uhispania. Sasa, kama maelezo ya ile foto ni ya kweli, kijana asiye na viatu vya michezo, asiye na godoro la kuangukia, alimshinda Sotomayor kwa sentimita 5, miaka 86 mbele yake.

Huku Bukavu, mabishano juu ya foto hiyo hugawanyika pande mbili. Mmoja atasema ni uongo wa mtandao. Mwingine atajibu kwa sauti ya mtu anayejua: «Ile njo damu yabo, bale banazaliwaka vile.» Jibu hili la pili ndilo linalohitaji kuchunguzwa zaidi. Neno hilo, «damu», halikuanguka kutoka mbinguni. Liliingizwa kwenye midomo ya watu wa Maziwa Makuu na wapiga picha na wapimaji wa miili walioshirikiana kazi kwa miaka zaidi ya hamsini, na kazi hiyo ilipita pande zote za ziwa Kivu, mpaka Lwiro. Na mpaka leo, kwenye barabara za mashariki ya Kongo, kuna watu wanaosimamishwa na kuulizwa asili yao kwa sababu tu ya kimo na umbo la pua.

Mchezo wenyewe ulikuwa nini

Kwa Kinyarwanda, kuruka ni gusimbuka. Kuruka juu ya kizuizi kilichowekwa kati ya nguzo mbili kuliitwa gusimbuka urukiramende. Vijana walijifunza mambo hayo kwenye itorero, aina ya shule iliyokuwa kwenye makao ya mwami na kwa machifu wakubwa. Hapo kijana alifundishwa kucheza ngoma, kutunga na kukariri mashairi ya sifa, kutupa mkuki, kulenga kwa upinde, kukimbia na kuruka. Waliopita humo waliitwa intore, maana yake waliochaguliwa.

Jina hilo, waliochaguliwa, tulishike, maana litarudi mbele.

Jambo moja husahaulika upesi: kule Nyanza hakukuwa na mita wala daftari la rekodi. Hakuna aliyeandika kwamba fulani ameruka sentimita ngapi mwaka fulani. Kuruka kulikuwa sehemu ya mafunzo ya askari, na pia sehemu ya uzuri wa mwili, jamaa ya ile ngoma ambayo wachezaji wake hurukaruka huku wakitikisa manyoya ya kichwani. Mtaalamu Mwingereza John Bale, aliyeandika kitabu kizima juu ya picha hizi mwaka 2002, anaonyesha kwamba ni wageni waliougeuza mchezo huo kuwa «spoti» ya namna ya Olimpiki. Walileta kipimo chao, wakauliza swali lao, kisha wakashangaa jibu.

Njia ya kuruka nayo ilikuwa tofauti. Mrukaji alikuja mbio moja kwa moja, akakanyaga kitu kigumu kilichoinuka kidogo kutoka ardhini, kama kichuguu kidogo au jiwe, akajirusha juu huku mwili umesimama wima na magoti yamekunjwa. Upande wa pili aliangukia miguu yake, kwenye udongo.

Safari iliyobeba kamera na vipimo

Picha iliyotangaza mchezo huu duniani ilitoka kwenye safari ya Adolf Friedrich, mwanamfalme wa Mecklenburg, Ujerumani. Mwaka 1907 na 1908 alivuka Afrika ya kati na kundi la wataalamu: mmoja wa mimea, mmoja wa wanyama, mmoja wa mawe na volkano, mganga, mchoraji wa ramani. Walipita Rwanda, wakafika ziwa Kivu na volkano za Virunga, kisha wakaingia Kongo na kushuka mpaka bahari ya Atlantiki.

Kule Nyanza walipokelewa na mwami Yuhi V Musinga. Wageni walionyeshwa ngoma na michezo, na kati ya michezo hiyo ilikuwamo gusimbuka. Mwanamfalme aliandika baadaye kwamba waliokuwa bora waliruka mita 2.50, na kwamba watoto waliruka mita 1.50 mpaka 1.60. Aliongeza mwenyewe kwamba walikanyaga kichuguu cha mchwa chenye urefu wa futi moja hivi, yaani karibu sentimita 30. Wanaosambaza foto leo huacha sentensi hiyo ya kichuguu. Namba inabaki, kichuguu kinapotea.

Wakati huo, alama bora ya kuruka juu iliyojulikana ilikuwa mita 1.97, ya Mwamerika Michael Sweeney, tangu 1895. Ni rahisi kuelewa jinsi wasomaji wa Berlin walivyoshangaa.

Kwenye safari hiyo alikuwamo pia Jan Czekanowski, kijana Mpolandi mtaalamu wa antropolojia, elimu ya binadamu ambayo wakati ule ilikuwa zaidi kazi ya kupima miili. Alipima maelfu ya watu: urefu, upana wa kichwa, umbo la pua. Sura za watu zilimwagiwa plasta ili kutengeneza sanamu za uso. Sauti na nyimbo zilirekodiwa. Na mafuvu ya vichwa vya watu, zaidi ya elfu moja, yalifungwa kwenye masanduku na kupelekwa Ujerumani. Kwa hiyo sanaa na sayansi ya mwili zilisafiri pamoja, kamera begani mwa huyu, vipimo mkononi mwa yule. Picha ilitoa uzuri, vipimo vikatoa sura ya ukweli, na kila kimoja kikamtetea mwenzake.

Mwanamfalme jina lake liko kwenye kitabu. Ofisa wake aliyesimama naye chini ya kamba, jina lake liko. Kijana aliyeruka juu ya vichwa vyao aliandikwa kwa jina la kabila lake tu, pamoja na namba ya mita.

Tufanye hesabu

Je, 2.50 inawezekana? Hapa elimu ya mwendo wa mwili, biomekanika, inasaidia, na hesabu yake si ngumu.

Kwanza kichuguu. Ukitoa sentimita 30 kwenye mita 2.50, inabaki mita 2.20. Hiyo bado ni kubwa mno: rekodi rasmi ya dunia ilipita mita 2.20 mwaka 1960 tu. Tena kichuguu hakiongezi urefu peke yake. Mtu anayekuja mbio akikanyaga mahali palipoinuka, sehemu ya ile mbio inageuzwa kwenda juu, karibu kama anayekanyaga ubao wa kurukia. Wanariadha wanalijua vizuri jambo hili. Mwaka 1957 Yuri Stepanov wa Muungano wa Kisovieti aliweka rekodi ya mita 2.16 akiwa amevaa kiatu chenye soli nene kwenye mguu wa kurukia. Kelele zilikuwa nyingi, na mwaka uliofuata sheria ikawekwa ya kupunguza unene wa soli. Kama soli peke yake ilileta kesi kubwa vile, kichuguu cha sentimita 30 kingeleta nini?

Pili, namna ya kuruka. Kila mwili una kitovu cha uzito, karibu na kiuno. Mrukaji wa leo hupita kwa mgongo, kichwa kikitangulia, kwa mtindo uliojulikana baada ya Dick Fosbury kushinda Olimpiki ya Mexico mwaka 1968 kwa mita 2.24. Kwa mtindo huo mwili unapinda juu ya fito, na kitovu cha uzito hakihitaji kupanda sana kuliko fito yenyewe. Lakini anayeruka wima na magoti yamekunjwa lazima apandishe kiuno juu zaidi ya kamba, kwa sababu matako na miguu vinapita chini ya kiuno. Kwa hiyo kijana wa Nyanza, kwa mtindo wake, alihitaji nguvu zaidi ili avuke urefu ule ule. Hili ni upande wa kumsifu.

Tatu, picha. Kamera ina uongo wake. Chukua mfano huu wa kubuni. Kamba iko kwenye mita 2.20. Kamera imewekwa chini, mita 1 kutoka ardhini, na umbali wa mita 8 kutoka kwenye kamba. Watu wawili wamesimama mita 2 nyuma ya kamba. Ukivuta mstari kutoka kwenye kamera, ukapita kwenye kamba mpaka pale waliposimama watu hao, mstari utafika kwenye mita 2.50. Yaani kamba ya 2.20 itaonekana kama ya 2.50 kwa mtu anayewatumia wale wawili kama rula. Hakuna aliyedanganya, ni macho yetu tu. Mtoto yeyote anayejipiga foto akijifanya ameshika jua kwa vidole anajua ujanja huo.

Tukikusanya yote matatu, jibu la haki ni hili: picha peke yake haiwezi kuthibitisha mita 2.50, na kwa kanuni za riadha mruko ule usingekubaliwa kama rekodi. Lakini hata ukipunguza kichuguu, hata ukipunguza pembe ya kamera, anabaki kijana aliyeruka vizuri ajabu, kwa mtindo mgumu, akaangukia udongo mtupu. Namba inaweza kushuka bila kumshusha mrukaji.

Kutoka kwenye foto mpaka kwenye kadi

Shida haikuwa foto. Shida ilikuwa maelezo yaliyobandikwa juu yake.

Tangu 1863, msafiri Mwingereza John Hanning Speke alikuwa ameandika kwamba watawala wa eneo la Maziwa Makuu lazima walitoka mbali, kaskazini, na kwamba walikuwa jamii nyingine, iliyo karibu na Wazungu kuliko Waafrika wengine. Wataalamu waliiita hadithi ya Wahamu. Haikuwa na ushahidi, lakini ilikuwa na faida: kila kitu kizuri kilichopatikana Afrika, kama ufalme uliopangika au mwili unaoruka juu, kingeweza kuelezwa kwamba kilitoka nje ya Afrika.

Foto ya mrukaji iliingia kwenye hadithi hiyo kama mguu unaoingia kwenye kiatu. «Mnaona? Ni warefu, wembamba, wanaruka kuliko sisi. Hawawezi kuwa sawa na majirani zao.» Kila picha mpya iliyotoka kitabuni ilikuja kama uthibitisho wa ile ya kwanza, na ile ya kwanza ilikuwa imechaguliwa juu ya ile hadithi. Ni mduara.

Baada ya Vita Kuu ya kwanza, Wabelgiji walitawala Rwanda na Burundi pamoja na Kongo. Waliendelea kupiga foto za warukaji na wachezaji ngoma, wakaendelea na vipimo. Miaka ya 1930 walihesabu watu wa Rwanda na Burundi na kuwapa kadi zilizoandikwa kabila: Mhutu, Mtutsi au Mtwa. Hali ambayo zamani ilichanganya ukoo, ng'ombe, kazi na cheo, ikafungwa ndani ya neno moja lisilobadilika, linalopita kutoka kwa baba kwenda kwa mtoto. Mwaka 1994, kadi za namna hiyo, zilizoendelea kutumika baada ya uhuru, zilitumiwa kwenye vizuizi vya barabara kuamua nani auawe. Kila mtu wa Kivu anajua jinsi matokeo ya mwaka huo yalivyovuka mpaka.

Na itorero? Mwaka 1931 Wabelgiji walimwondoa Musinga kwenye kiti, wakampeleka Kamembe, ng'ambo tu ya mto Ruzizi, mahali panapoonekana kutoka Bukavu. Mwaka 1940 walimhamisha mpaka Moba, huku Kongo, ambako alifariki mwaka 1944. Makao yaliyokuwa yakilea warukaji yakavunjika nguvu. Vijana wakaingia kwenye shule za misheni, wakajifunza mpira wa miguu na mazoezi ya viungo ya namna ya Ulaya. Gusimbuka ikabaki kitu cha kuonyesha wageni.

Lwiro: nyumba ya sayansi mlimani

Anayetoka Bukavu kwa barabara ya Kavumu, akaendelea upande wa Katana, anafika Lwiro, kilomita karibu 45 kaskazini ya mji, kwenye teritware ya Kabare. Majengo makubwa ya pale yalijengwa kwa ajili ya IRSAC, taasisi ya utafiti wa kisayansi ya Afrika ya kati iliyoanzishwa na Wabelgiji mwaka 1947. Leo ni CRSN, kituo cha utafiti wa sayansi za asili. Wengi wanakijua juu ya maktaba yake, wanyama wake waliokaushwa, na sokwe wanaotunzwa jirani.

IRSAC ilikuwa na matawi, na tawi lake la elimu ya binadamu lilikuwa Astrida, mji unaoitwa leo Huye, Rwanda. Humo alifanya kazi Mbelgiji Jean Hiernaux. Mwaka 1954 alichapa vipimo vyake vya miili ya watu wa Rwanda na Burundi. Mwenzake Jacques Maquet aliandika juu ya jamii, na mwaka 1957 kitabu chake juu ya Rwanda kilitoka kikiwa kimejaa picha za Denyse Hiernaux-L'hoëst. Tena kamera na kipimo, bega kwa bega.

Lakini safari hii mambo yalianza kugeuka, na aliyeyageuza alikuwa mpimaji mwenyewe. Hiernaux alipopanga namba zake aliona kwamba wastani wa makundi ulitofautiana, ndiyo, lakini watu wenyewe waliingiliana sana. Walikuwako Wahutu warefu wengi na Watutsi wafupi wengi. Ukimwonyesha mtu mmoja tu, kipimo hakiwezi kukuambia kwa hakika ni nani. Baadaye, kwenye kitabu chake cha mwaka 1974 juu ya watu wa Afrika, alieleza kwamba mwili mrefu mwembamba hauhitaji babu kutoka Ulaya au Asia. Ni mwili wa Afrika yenyewe, uliojijenga kwa vizazi vingi kwenye nchi za joto kavu, kwa sababu mikono na miguu mirefu hupoza damu upesi. Hadithi ya Wahamu ilikufa pale, kwenye sayansi. Mitaani bado inatembea.

Hiernaux na Maquet walichimba pia udongo. Mwaka 1957 walichapa kazi juu ya vyungu vya watu wa kwanza kufua chuma kwenye eneo hili. Vyungu vya aina moja vilipatikana Rwanda, Burundi na Kivu. Wafinyanzi wa zamani hawakujua mpaka wa Ruzizi.

Chakula kuliko damu

Basi, ni nini kinachomfanya mtu awe mrefu na aruke juu?

Urithi upo, hakuna anayekataa. Lakini si «damu» moja. Mwaka 2022 utafiti mkubwa uliotumia taarifa za watu zaidi ya milioni 5 ulipata sehemu zaidi ya 12,000 za vinasaba zinazogusa kimo, kila moja ikiongeza au kupunguza kidogo sana. Zimetawanyika kwa watu wote. Hakuna kabila linalozimiliki.

Kisha kuna chakula. Vijana wa itorero walitoka zaidi kwenye familia za wakubwa, nyumba zenye maziwa kila siku. Walifanya mazoezi kwa miaka. Na kati yao, siku ya wageni, walitolewa waliokuwa bora kabisa. Hapa ndipo linaporudi jina lile, waliochaguliwa. Ukichagua watoto walioshiba, ukawafundisha, ukachukua walio bora, ukapiga foto ya mruko mmoja uliofanikiwa, umepata picha ya kweli ya mtu mmoja. Hujapata picha ya taifa. Ni sawa na mgeni anayefika Bukavu siku ya fainali, akaona mchezaji akifunga bao la kichwa, akaandika kwamba watu wa Bukavu wote hufunga kwa kichwa.

Lwiro yenyewe inatoa ushahidi kwa upande wa pili, na huu unauma zaidi. Hospitali ya watoto ya Lwiro imetibu kwashiorkor na utapiamlo mkali kwa miaka mingi. Watafiti waliwatafuta watu waliotibiwa pale walipokuwa watoto, kati ya 1988 na 2007, wakawalinganisha na wenzao wa vijiji vile vile wasiougua. Matokeo yaliyotoka mwaka 2020 yalionyesha kwamba waliougua, hata baada ya kupona na kuwa watu wazima, walibaki wafupi kidogo. Kazi nyingine juu ya watu hao hao ilionyesha kwamba hata shuleni walikuwa nyuma.

Ni watu wa kilima kimoja, lugha moja, na mara nyingi ukoo mmoja. Kilichowatenganisha ni sahani. Kivu ya Kusini iko kati ya majimbo ya Kongo yaliyoguswa sana na utapiamlo wa muda mrefu, ule unaomzuia mtoto kukua kwa urefu. Kwa hiyo anayetazama watoto wafupi wa kijiji fulani na kusema «ni kabila lao» anaweza kuwa anatazama njaa na kuiita damu. Na anayeiita damu hawezi kuitafutia dawa, juu ya damu haina dawa, lakini njaa inayo: uji wenye maharage au soya, samaki wadogo, maziwa yakipatikana, na kumpeleka mtoto kwenye kituo cha afya mapema, hasa kwenye miaka miwili ya kwanza.

Mafuvu yanatafuta njia ya kurudi

Yale mafuvu ya safari ya 1907 na 1908 hayakupotea. Yalihifadhiwa Berlin zaidi ya miaka mia moja. Mwaka 2017 makumbusho ya historia ya kale ya mji huo yalianza kuchunguza mafuvu zaidi ya 1,100 yaliyotoka Afrika ya Mashariki wakati wa ukoloni, ili kujua yalitoka wapi na yalichukuliwa vipi. Mengi yalitoka Rwanda, mengine Tanzania, machache Kenya. Mwaka 2023 ilitangazwa kwamba, kwa kulinganisha ADN, walipatikana ndugu walio hai wa baadhi ya waliochukuliwa Tanzania. Taasisi inayoyashika imesema iko tayari kuyarudisha.

Ni mgeuko mkubwa. Sayansi ya mwili iliyoanza kwa kuondoa majina ya watu sasa inatumiwa kuwarudishia. Kipimo cha 1907 kiliuliza: huyu ni wa jamii gani? Kipimo cha leo kinauliza: huyu ni babu ya nani?

Upande wa sanaa nao umeendelea. Mwezi wa Desemba 2024 UNESCO iliandika ngoma ya Intore ya Rwanda kwenye orodha ya urithi wa binadamu usioshikika kwa mkono. Miaka 10 nyuma, 2014, iliandikwa ngoma ya kifalme ya Burundi. Anayetazama Intore leo ataona miruko ile: mguu unapiga ardhi, mwili unapanda wima, magoti yanakunjwa. Kamba na kichuguu havipo, lakini mruko haukupotea.

Foto ikifika tena kwenye simu

Siku ile picha itakapofika tena kwenye kundi la WhatsApp, na itafika, kuna maswali manne ya kuuliza mbele ya kubishana. Mrukaji alikanyaga wapi? Kamera ilisimama wapi? Nani alichagua mtu huyu na mruko huu? Na kwa nini namba imeandikwa lakini jina halikuandikwa?

Maswali hayo yanafaa kwa foto hii na kwa nyingine nyingi zinazopita kwenye simu, zile zinazoonyesha sura ya mtu mmoja na kutaka watazamaji wahukumu watu wote wanaofanana naye. Kijana wa Nyanza aliruka juu ya vichwa vya wageni wawili, siku moja ya mwaka 1907. Ilikuwa kazi yake, mazoezi yake na pumzi yake. Waliompima walimpa sifa hiyo kabila, wakamnyima yeye.